Kiingereza Mlangoni mwa Serikali

Kijana wa India mwenye shahada anayetaka kuwa mkaguzi wa kodi ya mapato haulizwi kwanza anajua nini kuhusu kodi. Anapimwa hesabu, mantiki, maarifa ya jumla na Kiingereza. Mtihani wenyewe hujulikana kwa herufi CGL. Unaendeshwa na Staff Selection Commission, tume iliyoundwa mwaka 1975 kuajiri watumishi wa ngazi ya kati na ya chini wa serikali kuu, na waombaji wake hupita milioni mbili kwa nafasi ambazo ni maelfu tu. Hatua ya kwanza ina maswali 100 ya kuchagua jibu, ya kufanywa kwa dakika 60, na Kiingereza kina maswali 25 kati ya hayo. Hatua ya pili ndiyo inayopanga majina, na humo Kiingereza kina maswali 45 ya alama tatu tatu. Jumla yake ni alama 135 kati ya 390 zinazohesabika kwa nafasi nyingi. Hesabu, somo ambalo watahiniwa hulikeshea usiku kucha, lina alama 90.

Ndiyo maana biashara ya kuwaandaa watu kwa Kiingereza cha mtihani ni kubwa kiasi kile. Mtaa wa Mukherjee Nagar, kaskazini mwa Delhi, umejaa vituo vya tuisheni, maduka ya fotokopi na vyumba vya kupanga vya watahiniwa, na wasiofika Delhi hufundishwa kwa YouTube. Suala hilohilo la Kiingereza kuwa mlango wa kazi ya serikali lipo Pakistan na Ufilipino na, kwa sura nyingine, lipo Dodoma. Nikiyatazama maandalizi haya kwa jumla, naona kasoro moja inayojirudia kila mahali: sarufi na ufahamu vinawekwa kapu moja kwa sababu tu vyote vinaitwa Kiingereza. Sarufi ya mtihani inaweza kushikwa kwa miezi michache. Ufahamu huiva kwa miaka. Vituo hufundisha cha kwanza na kutoza ada ya vyote viwili.

Tuanze na sarufi, maana hapo kuna habari njema. Swali la kutafuta kosa hukata sentensi vipande vinne, kwa mfano: "Each of the officers / who were posted to the district / have submitted / a detailed report." Mtahiniwa achague kipande chenye kosa. Kosa liko kipande cha tatu: mtenda ni "Each", umoja, kwa hiyo kitenzi kiwe "has". Mtungaji amepanga "officers" na "were" hapo katikati kwa makusudi, ili sikio lizoee wingi kabla kitenzi kikuu hakijafika. Dawa yake ni kuyafumbia macho maneno yote ya katikati na kubakiza mtenda na kitenzi chake. Msemaji wa Kiswahili ana nafuu hapa. Mtu aliyekulia kwenye ngeli, ambako kitenzi kinamfuata mtenda hata wakitenganishwa na mstari mzima, amezoezwa upatanisho tangu utotoni, na hapaswi kumwachia mtungaji alama hizi.

Aina za makosa zinahesabika: upatanisho, nyakati, vihusishi, sentensi za masharti, ulinganishi wa sifa, viwakilishi, kauli ya kutendwa, usemi wa taarifa, na vile vibainishi vidogo "a" na "the". Mtungaji mwenyewe hana uhuru wa kubuni aina mpya kila mwaka. Tume hutangaza majibu ya awali baada ya mtihani, na mtahiniwa asiyeridhika anaweza kulipa ada na kupinga jibu la swali lolote. Swali lenye matumizi yanayobishaniwa ni balaa kwa tume, kwa hiyo watungaji hukimbilia kanuni kongwe ambazo zina jibu moja lililoandikwa kitabuni.

Hilo linaeleza kwa nini kitabu cha miaka ya 1930, "High School English Grammar and Composition", kingali mezani kwa watahiniwa wa leo. Wahindi hawakiiti kwa jina hilo. Wanakiita Wren na Martin, majina ya watunzi wake. P. C. Wren alikuwa Mwingereza aliyetumikia idara ya elimu ya India, na nje ya India anajulikana zaidi kwa "Beau Geste", riwaya yake ya 1924 juu ya askari wa jangwani. Sehemu ya Kiingereza kinachofundishwa na kitabu hicho haisikiki tena London kwenyewe. Hilo haliwasumbui watahiniwa, kwa sababu kitabu kina sifa ambayo mtihani unaitaka: kila kanuni ina mazoezi, na kila zoezi lina jibu.

Hata hivyo sioni sababu ya kukisoma chote, jalada hadi jalada, kama wengi wanavyojitesa. Kinachofaa zaidi ni karatasi za miaka iliyopita na daftari la makosa. Na daftari lenyewe lipangwe kwa aina ya kosa. Anayenakili maswali aliyokosa, moja baada ya jingine, anajaza kurasa bila kujua ugonjwa wake. Anayeandika "vihusishi: 14, nyakati: 3" anajua kesho aamkie wapi. Kihindi, kama Kiswahili, hakina neno la kudumu linalofanya kazi ya "the", kwa hiyo vitabu vya mazoezi vya India vimelishughulikia eneo hilo kwa undani ambao vitabu vilivyoandikwa kwa Wazungu havina, na mwanafunzi wa Afrika Mashariki anaweza kuvitumia bila kubadili chochote. Hata kosa la kuongeza kihusishi kisichohitajika, kama "discuss about", ni letu sote. Linasikika Delhi na linasikika Dar es Salaam.

Msamiati nitaupitia haraka, maana sehemu hii sina imani nayo. Visawe, vinyume, nahau, na lile swali la kutaja neno moja badala ya maelezo marefu, huwafanya watu wakariri orodha za maelfu ya maneno. Wengine hutumia "Word Power Made Easy" cha Mmarekani Norman Lewis, kilichotoka mwaka 1949, ambacho angalau kinaonyesha mizizi ya Kigiriki na Kilatini inayozaa maneno mengi kwa mpigo. Lakini neno lililokaririwa peke yake huponyoka mara linapotokea ndani ya sentensi ngumu. Kwa kuwa maneno ya karatasi za nyuma hurudi, yapitie hayo na uishie hapo. Muda uliobaki una kazi nyingine.

Kazi hiyo ni ufahamu. Chukua kifungu cha aina inayopendwa na watungaji: mwandishi anaeleza kwamba mifereji ya umwagiliaji iliongeza mavuno miaka ya mwanzo, kisha maji yaliyozidi yakapandisha chumvi juu ya udongo, na baadhi ya mashamba yakaachwa. Swali linauliza mwandishi anadokeza nini. Jibu A: umwagiliaji huharibu udongo siku zote. Jibu B: wakulima wanahitaji mbolea zaidi. Jibu C: faida ya mapema inaweza kuficha hasara inayokuja. Jibu D: chumvi ndiyo iliyoongeza mavuno. A ina chembe ya ukweli, ila yale maneno "siku zote" yanaiangusha. B pengine ni kweli huko mashambani, lakini kifungu hakikuisema. D imegeuza sababu na matokeo. Jibu sahihi ni C, na watu huliruka kwa sababu halina neno hata moja waliloliona kwenye kifungu. Wamezoea kusaka maneno yanayofanana, kama walivyozoeshwa na maswali ya shule ya msingi.

Mitego hii minne, yaani kutia chumvi, kuleta ukweli wa nje, kupindua sababu, na kutumia maneno ya kifungu kama chambo, inafundishika kwa wiki moja. Mwanafunzi atapanda kidogo, kisha atakwama, na hapo ndipo mwalimu wa kituo hukosa cha kusema. Kinachomkwamisha kiko nje ya mbinu. Mtafiti wa msamiati Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji kujua familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000 ili asome maandishi ya kawaida ya Kiingereza bila msaada, kwa kipimo cha kuelewa maneno 98 katika kila 100. Hakuna kozi ya siku tisini inayofika huko. Na mwaka 1988 Recht na Leslie walionyesha jambo ambalo walimu wengi wa ufahamu bado hawajalimeza: walipowapa wanafunzi wa Marekani kifungu kuhusu mchezo wa besiboli, wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Ufahamu, kwa sehemu kubwa, ni kujua tayari jambo linalosimuliwa.

Watahiniwa wa India wamelihisi hilo bila kusoma utafiti wowote, na ndiyo sababu wana desturi ya kusoma tahariri za gazeti la "The Hindu" kila asubuhi. Desturi nzuri, ila nimeona jinsi inavyotekelezwa katika masomo yao ya mtandaoni: mwalimu anapigia mstari maneno magumu, anataja visawe, anafunga ukurasa. Hoja ya tahariri haikuguswa. Afadhali mtu asome tahariri moja, aifunge, kisha aandike kwa sentensi mbili mwandishi anadai nini na anambishia nani, kisha arudi kuhakiki. Akifanya hivyo mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, atakuwa mtu mwingine.

Kuna ushauri mwingine ambao sijausikia kituoni popote, na kwetu una uzito wa pekee: maarifa ya kifungu yanaweza kupatikana kwa Kiswahili. Aliyeelewa mfumuko wa bei, mabadiliko ya tabianchi au mgawanyo wa madaraka kwa lugha anayoimudu atasoma kifungu cha Kiingereza juu ya hayo kwa wepesi kuliko yule anayekutana na dhana mpya na lugha ngumu kwa wakati mmoja. Wanaowakataza vijana kusoma magazeti ya Kiswahili "mpaka mtihani upite" wanawapunguzia kilekile wanachokihitaji.

Kuhusu kubahatisha, wengi huongozwa na hofu wakati hesabu yake ni nyepesi. Hatua ya kwanza ya CGL hutoa alama 2 kwa jibu sahihi na kukata 0.50 kwa kosa. Kwa majibu manne, anayebahatisha bila kujua chochote atapata kwa wastani faida ndogo ya alama 0.125 kwa kila swali. Hatua ya pili hutoa 3 na kukata 1. Hapo kubahatisha tupu ni sifuri kamili, lakini ukishaondoa jibu moja unalojua si lenyewe, wastani unakuwa faida ya theluthi ya alama. Kwa hiyo kuacha swali wazi baada ya kuondoa hata jibu moja ni kujinyima. Na muda? Dakika 60 kwa maswali 100 ni sekunde 36 kwa swali. Maswali ya sarufi hayahitaji sekunde zote hizo, kwani kosa ama unaliona ama huoni, na dakika zinazookolewa hapo hutumika kwenye hesabu. Hiyo ndiyo siri ya wanaofaulu CGL, na haina uhusiano wowote na kupenda Kiingereza.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mtihani ni wa haki na kazi iliyobaki ni kuujua. Historia inasema vingine. Kamati ya Macaulay ya mwaka 1854, iliyopanga mtihani wa ushindani wa kuwapata watawala wa India, ilikipa Kigiriki alama 750 na Kilatini 750, huku Kisanskriti na Kiarabu vikipewa 375 kila kimoja. Mtihani ulifanyika London kuanzia 1855, na Mhindi wa kwanza kuupita, Satyendranath Tagore, alifaulu mwaka 1863. Mtihani haukuanza kufanyika ndani ya India hadi 1922. Anayesema lugha ya mtihani ni chombo tu kisicho na upande aitazame ile orodha ya alama.

India huru ilijaribu kurekebisha. Baada ya ripoti ya kamati ya D. S. Kothari ya mwaka 1976, mtihani wa ngazi ya juu kabisa, ule wa Union Public Service Commission unaozalisha wakuu wa wilaya na mabalozi, ulifunguliwa kuanzia 1979 kwa lugha za India zinazotajwa kwenye katiba. Kiingereza kilibaki kama karatasi ya kufaulu tu: ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na insha. Leo karatasi hiyo ina alama 300, mtahiniwa apate asilimia 25, na alama zenyewe haziingii kwenye kupanga nafasi. Machi 2013 tume ilitangaza kwamba Kiingereza sasa kitahesabiwa katika kupanga majina; bunge likawaka moto, na tangazo likaondolewa mwezi huohuo.

Ugomvi mkubwa ulikuwa tayari unachemka kwingine. Mwaka 2011 hatua ya mchujo ya mtihani huohuo ilipewa karatasi mpya ya pili yenye maswali machache ya ufahamu wa Kiingereza. Maswali yenyewe hayakuzidi kiwango cha sekondari, lakini katika mchujo ambao nusu alama inakutoa, machache yalitosha. Julai 2014 watahiniwa waliosoma kwa Kihindi walijaa barabarani Mukherjee Nagar. Walilalamika pia kwamba vifungu vingine vilitafsiriwa kutoka Kiingereza kwa Kihindi cha ajabu, na walitoa mifano: kompyuta ya tableti imekuwa ya kidonge, kiwanda cha chuma, "steel plant", kimekuwa mmea wa chuma. Agosti mwaka huo serikali ilitangaza bungeni kwamba alama za ufahamu wa Kiingereza hazitahesabiwa, na mwaka 2015 karatasi nzima ikageuzwa kuwa ya kufaulu tu kwa asilimia 33.

Mimi naona suluhisho hilo la kizingiti ndilo la busara kuliko yote yaliyojaribiwa. Serikali ina haki ya kudai ofisa asome waraka na kuuelewa. Lakini anayefikisha kiwango hicho na anayekipita mara tatu hawatofautiani sana katika kazi ya kukagua kodi. Tofauti yao mara nyingi ni shule ambayo mzazi aliweza kuilipia. CGL bado inashindanisha badala ya kuweka kizingiti, tena kwa zaidi ya theluthi ya alama. Pakistan imekwenda mbali zaidi kwa upande mgumu: mtihani wao wa CSS una karatasi mbili za lazima za Kiingereza, insha na ufupisho, na asiyefikisha 40 katika mojawapo ameanguka mtihani wote. Mwaka 2016 waliofaulu maandishi walikuwa 202 kati ya 9,643. Mahakama ya Juu ilikuwa imeagiza mwaka 2015 kwamba Kiurdu kitumike serikalini, lakini mtihani uliendelea kwa Kiingereza. Ufilipino ndiyo iliyotulia: maswali huja kwa Kiingereza na Kifilipino, na anayepata asilimia 80 amepita.

Jambo lililonishangaza zaidi katika CGL ni lililotokea mwaka 2022 bila kelele nyingi. Mtihani ulikuwa na hatua ya kuandika kwa kalamu, insha na barua, alama 100 kwa saa moja. Ikafutwa. Kusahihisha maandishi ya umati ule ni kazi nzito, ni ghali, na wasahihishaji hawalingani. Kompyuta husahihisha maswali ya kuchagua mara moja na haibishani na mtu. Naelewa sababu. Lakini mtu anayeingia wizarani siku ya kwanza hupewa jalada na kutakiwa aandike dokezo kwa mkubwa wake: suala ni nini, kanuni inasemaje, tufanye nini. Siku hizi anaweza kufika mezani pale akiwa ametambua makosa katika mamia ya sentensi za wengine, na hakuna aliyewahi kusoma aya yake.

Huku kwetu Tanzania hakuna karatasi ya Kiingereza inayosimama peke yake kwa kila anayeomba kazi serikalini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huruhusu barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na tangu sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Madokezo na mihtasari ya halmashauri huandikwa kwa Kiswahili. Ila kwa kada nyingi za kitaaluma, mhitimu alisoma uhasibu, ununuzi au uhandisi kwa Kiingereza, na maswali ya usaili wa kuandika humjia kwa Kiingereza. Mtihani wa lugha upo. Umekaa ndani ya mtihani wa taaluma, bila jina na bila alama zake.

Na udhaifu unaopimwa humo haukuanza chuoni. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na mtoto hugeuziwa lugha anapoingia kidato cha kwanza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee hadi sekondari; haikusikilizwa. Criper na Dodd walichunguza mwaka 1984 na kukuta wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Lugha ya kufundishia haikubadilika.

Matokeo yake ni kwamba mhasibu anayekosa swali la uchakavu wa mali hajui kama amekosa uhasibu au amepita juu ya neno "unless" bila kuliona, na msahihishaji naye hana njia ya kujua. Ningependa kuona maswali ya taaluma yakiletwa kwa lugha zote mbili, kisha Kiingereza kipimwe peke yake, kwa kizingiti kinacholingana na kada: cha juu kwa anayekwenda kusoma mikataba ya kimataifa ya ununuzi, cha chini kwa ofisa mtendaji wa kata. Mpaka hilo lifanyike, anayejiandaa kwa usaili achukue maswali ya zamani ya fani yake yaliyo kwa Kiingereza, na kabla ya kujibu aandike pembeni, kwa Kiswahili na kwa mstari mmoja, swali linataka afanye nini. Kisha alinganishe mstari huo na swali, neno kwa neno, hasa yale madogo: "except", "at least", "not later than".